Masika Bila Sukari

Jumatano ya Majivu, 1 Machi 1995

Sista wa hospitali ameniagiza niandike kila ninachokula, nimpelekee siku ya kupimwa. Nimefundisha darasa la tatu mpaka nikastaafu, na hakuna aliyewahi kunipa mimi kazi ya nyumbani. Nitaandika, lakini nitaandika ninachotaka, na yeye hataona hata mstari.

Asubuhi: uji bila kitu. Mchana: ndizi na maharage. Jioni: chai bila kitu. Ameridhika?

Habari yenyewe ni hii. Wakati wa Noeli nilijikwaa kwenye kisiki shambani, nikachubua kidole gumba cha mguu wa kulia, na kidonda hakijapona mpaka leo. Wamepima damu wakakuta sukari imejaa. Daktari, kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha irabu, alisema nisipoacha vitu vitamu kidole kitakatwa, na baada ya kidole, mguu. Alisema huku akiandika, hata hakuinua uso.

Mtu asiye na mguu anafanya nini hapa Kirua mlimani? Kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba hii, kiko mteremkoni. Kwenda kanisani ni kupanda, kwenda dukani ni kushuka halafu upande tena, na kati ya migomba wakati wa masika hata mbuzi anateleza. Asiye na mguu anakaa jikoni analishwa. Na mlishaji wa nyumba hii ni Joyness. Naogopa kisu cha daktari, sifichi. Kulishwa na Joyness naogopa zaidi.

Joyness ni mke wa Antoni, kitinda mimba wangu, ambaye ndiye mrithi wa kihamba hiki. Antoni yuko Arusha anauza vipuri vya magari ya mtumba. Alimwoa mwaka jana, akamleta hapa, akamwacha kama mtu anavyoacha mzigo stoo. Si wa kwetu. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata miwa bondeni, naye akazaliwa kwenye kambi ya wakata miwa, miwa mbele, miwa nyuma. Wazee wa hapa humwita mtu wa namna hiyo chasaka, mtu wa porini, nami sijaona sababu ya kuwapinga. Huyo ndiye ambaye daktari alimwita pembeni akamweleza nile nini. Mtoto wa miwa ananifundisha habari za sukari!

Basi nimefanya uamuzi wangu kanisani, majivu yakiwa bado yananiwasha usoni. Sukari nimempa Mungu kwa Kwaresma hii. Nimempa Mungu, si Joyness.

Ijumaa, 3 Machi

Kichwa kinauma. Chai bila sukari ni maji ya kuoshea sufuria.

Jumamosi, 4 Machi

Amegawa sukari yangu. Nilikuwa nayo kopo zima, nimerudi kutoka kanisani nimekuta kopo limeoshwa na kuanikwa. Amewapelekea majirani.

"Mama, ikiwepo utaionja," anasema.

Nikamwambia wakati yeye ananyonya, sisi tulikuwa tunapanga foleni duka la kijiji tangu alfajiri tupate kibaba cha sukari, na ukikutwa na ya ziada unaitwa mhujumu. Sasa wamefungulia biashara, maduka yamejaa sukari ya kila nchi, na juisi za pakiti, na biskuti, na pipi za rangi zote, halafu mimi ndiyo naambiwa nisile. Ilipokuwa haipo hatukuumwa. Imekuja, imekuja na daktari wake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kopo nitalitilia maharage."

Alhamisi, 9 Machi

Amenichomea boga, akalinyunyizia mdalasini. Eti ni kitu cha kudanganyia ulimi. Nilimwambia halina ladha. Nililimaliza kwa sababu chakula hakitupwi.

Jumamosi, 11 Machi

Antoni amekuja. Mwanangu anapanda mlima huu kila wiki mbili na haji mikono mitupu. Leo kaleta bati la biskuti zenye sukari ya punje juu yake. Kabla sijalishika vizuri Joyness alikuwa ameshalichukua.

"Joy, mpe mama kidogo," Antoni akasema. "Kidogo hakiui."

"Kidogo cha nani? Chako, changu, au cha baba mdogo Kastori?"

Akatoka nalo. Baadaye nikasikia watoto wa njiani wanashangilia. Antoni alicheka tu. Ana moyo mwepesi, kama baba yake, marehemu mume wangu Sirili. Alipoondoka nilimshika mkono nikamwambia, kama nilivyomwambia tangu Agosti, amwondoe huyu mwanamke hapa, aende naye Arusha, aniletee msichana mpole. Akasema atatafuta nyumba.

Jumatano, 15 Machi

Mvua imeanza. Imekuja kutoka juu msituni, ikatufunika na ukungu wake, hata banda la ng'ombe halionekani.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua.

Jumamosi, 18 Machi

Jambo jipya. Anachukua ndizi iliyoanza kugeuka rangi, bado haijaiva sawasawa, anaifukia na ganda lake kwenye majivu ya moto, kisha anaipasua na kuitia karanga za kusaga. Nusu yangu, nusu yake. Nusu! Migomba nilipanda mimi na Sirili. Kila chipukizi katika kihamba hiki lilipita mkononi mwangu, na sasa napimiwa nusu ya ndizi kama mfungwa.

Nilimuuliza ndizi nyingine zilizobaki kwenye majivu ni za nani. Akasema ni za ng'ombe. Ng'ombe!

Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi, 23 Machi

Uji wa ulezi na maziwa mgando, umekamuliwa ndimu. Uchachu mpaka masikio yakasimama. Shemeji Kastori, mdogo wake Sirili, alipita na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akaniona nakunywa, akacheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji, umekuwa ndama?"

Nikamwambia ni Kwaresma. Akasema basi nivumilie, Pasaka anakuja na kibuyu kikubwa zaidi.

Jumanne, 28 Machi

Leo nimemkamata, au nilidhani nimemkamata.

Ameniletea kikombe cha maziwa ya jioni. Nilipoonja, utamu ukanijaa mdomo mzima. Nikajua: ametia sukari. Anataka sukari ipande nikatwe mguu, kisha awe mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwita kwa sauti ambayo hata darasa la tatu hawakuisikia mara nyingi.

"Umetia nini humu?"

"Maziwa, mama."

"Mimi si mtoto. Umetia sukari."

Akachukua kikombe mkononi mwangu, akanywa mafunda mawili, akajifuta mdomo.

"Ni maziwa ya ng'ombe wako. Ndivyo yalivyo siku zote. Ni ulimi wako umerudi."

Sikumwamini. Alipokwenda kulala nilikamua kidogo mwenyewe kwa mkono wangu. Yalikuwa matamu. Ulimi wangu huu ulikuwa umeishi na ng'ombe huyu miaka yote bila kumjua. Sikumwomba radhi, maana hata kama hakutia leo, angeweza kutia.

Jumapili, 2 Aprili

Kitunguu ni kitamu. Karoti ni tamu. Nashangaa peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Jumatano, 5 Aprili

Hospitali. Sukari imeshuka. Kidonda kimefunga, ngozi mpya ni ya rangi ya waridi. Daktari safari hii aliinua uso.

"Bibi, umefanya vizuri sana. Nani anakupikia?"

"Mungu," nikamjibu.

Joyness alikuwa amesimama pale mlangoni na mwavuli. Akaufungua tukatoka. Njiani matope yalikuwa mengi na alinishika kiwiko tangu barabarani mpaka nyumbani, ananibana kama polisi.

Alhamisi Kuu, 13 Aprili

Siku zimekaribia kwisha. Nimeota chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili

Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa nakula. Leo naandika yote.

Baada ya misa walikuja nyumbani Kastori na watu wake, na majirani wa chini na wa juu. Antoni aliwasili na makreti ya soda na keki kutoka Arusha, imepakwa sukari nyeupe juu kama theluji ya Kibo. Mbege ipo, nyama ipo, mtori wa ndizi upo. Joyness akaweka mbele yangu sahani ya peke yake: mtori, mboga, kipande cha boga lake. Na kando, nusu ya ndizi ya majivu.

Nikaisukuma sahani. Nikamwambia Antoni anikatie keki.

"Mama," Joyness akasema, kwa sauti ndogo. "Usile."

"Kristo amefufuka. Kwaresma imekwisha."

"Hii haikuwa Kwaresma. Huu ni ugonjwa. Ugonjwa hauna Pasaka."

Watu wakaacha kutafuna. Sasa mimi nimefunga kila Kwaresma tangu utoto wangu. Nimeacha nyama, nimeacha mbege, mwaka mmoja niliacha hata kugombana na Sirili. Na kila nilichoacha nilirudishiwa Pasaka. Hiyo ndiyo dini niliyofundishwa: unampa Mungu, unangoja, Mungu anakurudishia. Kitu kisichorudi si mfungo, ni adhabu. Na mimi nimemkosea nani mpaka niadhibiwe na huyu?

Nikasema. Nilisema mbele ya wote kwamba baba yake alishuka kwenye treni na panga na gunia, akakata miwa ya watu mpaka akafa, na binti yake amepanda mlimani kutukatia sisi midomo. Nikasema mtu aliyekulia kwenye vumbi la kambi hawezi kujua sikukuu inaliwaje. Nikasema tumbo lake lina mwaka hapa na halijaonyesha kitu, afadhali alishughulikie hilo aache la kwangu.

Kastori alicheka sana. Wengine walicheka kidogo, wakiangalia sahani zao. Antoni akasema, "Mama, basi, basi," lakini alikuwa ameshakata keki.

Joyness hakulia. Alichukua ile sahani yangu akaenda kusimama mlangoni, akala boga lile mwenyewe, polepole, ananitazama.

Nikala keki. Nikafungua soda ya machungwa. Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: ilikuwa tamu kupita kiasi, ilinikaba koo, macho yakanitoka machozi. Sikuifurahia. Lakini alikuwa ananitazama, nikafungua ya pili.

Jumatano, 19 Aprili

Chai na sukari. Mandazi. Kopo la maharage limekuwa tena kopo la sukari. Joyness anapika, anaweka, anaondoka. Hasemi neno. Nyumba ina amani.

Jumapili, 23 Aprili

Kastori kaja na mbege. Mvua inanyesha usiku na mchana. Nakunywa maji mengi, sijui kwa nini, na bado kiu.

Alhamisi, 27 Aprili

Ile ngozi mpya imepasuka. Kidogo tu. Nimevaa viatu vya mvua vya Sirili na soksi, hakuna anayeona. Ndani maji yanaingia.

Kitunguu hakina tena utamu wowote. Maziwa ni maji meupe.

Jumamosi, 29 Aprili

Antoni kaleta halua kutoka kwa Mhindi mmoja mjini, anasema mama Arzina mwenye duka amemchagulia iliyo laini kwa sababu ya meno yangu. Nimekula. Mguu ni mzito. Sikumwambia.

Jumatano, 3 Mei

Naandika nikiwa nimelala, nisamehewe mwandiko.

Juzi, Mei Mosi, Joyness aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Akasimama akanusa.

"Vua."

"Toka chumbani kwangu."

"Mama, kuna kitu kimeoza humu ndani na si panya. Vua kiatu."

Nikamtukana. Akapiga magoti akashika kiatu, nikampiga teke la bega kwa mguu mzima, akaanguka na kile kiatu mkononi. Soksi ilitoka na kitu ambacho sitakiandika. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na jirani yake anamfuata.

Hapo ndipo nilipoogopa. Si kama mtu anavyoogopa kufa, kufa nimeshajiandalia. Niliogopa kama mtoto aliyevunja chungu, anatazama vipande na hajui aviunge vipi.

Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, hakuna gari linalopanda. Joyness alikwenda kwa majirani, akarudi na wanaume watatu. Kastori alitumiwa habari, akasema mgongo unamuuma. Walifunga machela kwa miti ya banda, wakakosa mtu wa nne. Joyness akaweka kitambaa begani, akashika pembe ya nne, upande wa mguu wangu. Wakanishusha hivyo mpaka lami, wanateleza, wanapumzika, mvua usoni mwangu. Nilikuwa naona kisogo chake tu. Mwanamke mmoja alipita akauliza mgonjwa ni nani. Joyness akajibu, "Mama mkwe, si mzito. Mzito ni mdomo."

Wanaume walicheka. Nilitamani nimpige teke la pili.

Jumamosi, 6 Mei

Wamekata vidole viwili. Mguu wameuacha, "kwa sasa." Nilifundisha watoto wa watu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliimba nao methali hiyo. Hakuna aliyeniambia la kufanya kama mkuu ndiye asiyesikia.

Jumanne, 9 Mei

Antoni alikuja jana. Alilia, akaniachia chupa ya juisi ya maembe chini ya shuka. Sista akaiona.

Jumatano, 10 Mei

Joyness anakuja kila siku kwa miguu mpaka lami, kisha gari, na sufuria imefungwa kwenye kanga. Leo ni uji ule ule wa ulezi na ndimu. Nilikuwa na maumivu, nilikuwa na hasira na vidole visivyokuwepo maana ndivyo vinavyouma zaidi, nikampiga kikombe mkononi. Uji ukamwagika mpaka kitanda cha pili.

Akaomba kitambaa akapangusa. Akasuuza kitambaa, akakianika dirishani. Kisha akavuta kigoda akakaa karibu yangu.

"Mama, nikwambie kitu?"

"Kama ni mahubiri, padri alikuja asubuhi."

"Mimi sikupendi."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Sikupendi kabisa," akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Ningekuwa na pa kwenda ningekuwa nimeshakwenda. Lakini nataka ujue kwa nini nakunyima. Baba yangu alikuwa na ugonjwa huu huu. Kule kambini sukari tulichota kama mchanga. Akishikwa na hamu ananiita, Joy, mwanangu, nikatie pingili moja ya muwa, moja tu. Nilimpenda sana baba. Nikamkatia. Dada zangu wakamkatia. Mama akamtilia kwenye chai akidhani sisi hatujampa. Akakatwa mguu, tukamwonea huruma, tukamwongezea. Akakatwa wa pili. Tulimpenda mpaka tukamzika."

Akakunja kanga ya sufuria. Mvua ilikuwa inapiga bati la wodi.

"Wewe sikupendi. Kwa hiyo ukilia nakusikia, na bado sikupi. Nilipoona hivyo nilijua mimi nitakufaa."

Nikatazama kitambaa pale dirishani. Kilikuwa bado kinadondosha maji. Nikamwambia alete uji mwingine. Akasema ameubakiza kwenye sufuria, alijua nitamwaga wa kwanza.

Jumatano, 24 Mei

Nimerudishwa nyumbani. Mvua imepungua. Natembea kwa fimbo, mwendo wangu ni wa bata.

Mchana mboga na maharage. Baadaye parachichi lililopondwa na ndimu na iliki. Kitu cha ajabu, hakijulikani ni mboga au ni tunda. Nilisema ni kama dawa ya nywele. Alisema, "Kula dawa ya nywele."

Jumatatu, 29 Mei

Leo kitunguu kimeanza tena kuwa na utamu. Nimekaa nacho mdomoni muda mrefu. Nililia kidogo, na nilikuwa na kisingizio.

Jumamosi, 3 Juni

Antoni alifika mchana na gari la kukodi, uso umejaa furaha.

"Mama, nimekusikia. Ulichoniomba tangu mwaka jana nimekifanya. Nimepata vyumba viwili Arusha, Joy naondoka naye leo. Wewe nimekutafutia Esther, binti wa binamu yake baba mdogo Kastori. Mpole sana. Ana huruma, mama, hatakunyima kitu."

Hatakunyima kitu. Nilisikia maneno hayo mpaka kwenye vidole visivyokuwepo.

Joyness alikuwa amesimama nyuma yake. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni, tena lilikuwa tayari upesi mno. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikuwahi kuiona, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mtu mdogo, msichana kabisa, anakwenda kwa mume wake. Ningekuwa mtu mwema ningembariki.

Nikachukua fimbo nikatoka. Antoni akauliza naenda wapi, sikumjibu. Nilikwenda mpakani mwa kihamba, utelezi ule, nikishika mgomba mmoja hadi mwingine, nikavunja jani la isale, nikarudi nalo. Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Ukimkosea mtu na huna mdomo wa kumwendea, unampelekea isale. Akilipokea amekusamehe, na kulikataa ni kutafuta laana. Ni mmea unaosema kwa niaba yako, na ndiyo maana nilikwenda kulichukua. Nilitaka liseme lenyewe, mimi ninyamaze.

Nikamnyooshea Joyness.

Antoni alipoona akakaa chini kwenye ngazi. "Mama. Unafanya nini?" Mkubwa hapeleki isale kwa mke wa mwanawe. Sijawahi kuona, sijawahi kusikia.

Joyness alilipokea, akaligeuza huku na huku.

"La nini hili? La mbuzi?"

Hajui. Mtoto wa miwa, angejulia wapi? Nimepanda na kushuka na mguu mbovu kuleta maneno yetu makubwa kuliko yote, na aliyepewa hawezi kuyasoma. Antoni akafungua mdomo amweleze, nikamnyamazisha kwa fimbo. Hapo sikuwa na njia nyingine. Ilibidi nilisemee jani.

"Pasaka nilikutukana mbele za watu," nikasema. "Nilimtukana baba yako, nikalitukana tumbo lako. Nisamehe. Na usiende. Huyo Esther atanihurumia, nami nitakufa."

Joyness akalishika jani kwa mikono miwili. Ng'ombe akalia bandani.

"Bado sikupendi, mama," Joyness akasema.

"Najua. Mimi pia sikupendi. Ningekupenda ningekuacha uende kwa mumeo."

Alilitazama jani, akatazama gari, akatazama sanduku, na nikaona ile furaha ya usoni inafungwa tena kama mlango. Mimi ndiye niliyeifunga na ninajua. Akamgeukia Antoni.

"Nitabaki mpaka kahawa iishe kuchumwa. Ikiisha nakuja Arusha, na mama atakuwa amejua kujinyima mwenyewe au hajajua, shauri yake. Wewe utakuja kila Jumamosi. Na uje mikono mitupu."

Antoni aliondoka jioni peke yake, amenuna, na keki aliyokuja nayo kwenye kiti cha nyuma.

Jumapili ya Pentekoste, 4 Juni

Asubuhi: uji. Mchana: kiburu cha ndizi na maharage, na mboga. Jioni nimeomba asali kidogo, kijiko kimoja, kwa ajili ya sikukuu.

Nimenyimwa.